Saa Nne ya Bamvua

Mara zangu tatu za kwanza kwenda Jambiani nilirudi na picha za jua. Jua likichomoza baharini, jua nyuma ya tanga la ngalawa, jua ndani ya dimbwi lililoachwa mchangani na maji ya usiku. Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikashuka pwani na tochi, nikasimama hadi mbingu ya mashariki igeuke rangi ya papai bivu. Ikifika saa moja na nusu nilikuwa nimeshafunika lenzi, nakwenda kunywa chai na boflo. Nilidhani nimekipiga picha kijiji.

Safari ya nne, nikipanda kutoka pwani, nilimkuta bibi mmoja kakaa chini ya mkungu akifungua mafundo ya kamba zake. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za huku na habari za huko nitokako. Kisha akaitazama kamera yangu. "Mwanangu," akasema, "wewe kila siku unatoka pwani sisi hatujaingia. Unampiga picha nani?"

Sikuwa na jibu. Lilinichukua misimu miwili ya kusi kulipata.

Jambiani iko kusini mashariki mwa Unguja. Kutoka mjini hupanda daladala namba 309, na mimi husubiri ile ya mbao iliyo wazi ubavuni, abiria wakikaa wakitazamana, magunia ya unga na ndoo za samaki katikati ya miguu yao. Kamera huifunga kwenye kanga na kuitia ndani ya kikapu cha ukili. Kanga huzuia vumbi, na kikapu hakimtishi mtu. Ukiingia ndani ya gari na mkoba mkubwa mweusi wa vifaa, mazungumzo hupungua. Ukiingia na kikapu utasikia nani kaolewa, nani anauguliwa, na maji yatapwa saa ngapi.

Njia yenyewe ni darasa. Kwanza miembe mikubwa iliyofunga matawi juu ya barabara, kisha mihogo na migomba ya Tunguu. Baada ya msitu wa Jozani ardhi hubadilika ghafla: udongo huisha, yanabaki maweni, mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na vichaka vya kimo cha mtu. Wakulima wa huku hupanda kwenye vishimo vya udongo vilivyo katikati ya mawe. Halafu Paje, gari linakata kona kulia, na kabla hujaiona bahari unaisikia harufu yake. Si harufu ya samaki. Ni harufu ya mwani unaokauka, chumvi yenye utamu kidogo ndani yake, na humo ndimo mmechanganyika uvundo wa makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani. Wageni wengine huziba pua. Mimi nikiisikia hujua nimefika, moyo wangu ukatulia.

Sasa nieleze ugomvi wa jua na bahari katika pwani hii, maana ndio kiini cha habari yote.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Siku hizo maji hujaa sana na hupwa sana. Kati ya kujaa na kupwa kimo cha bahari ya Unguja hutofautiana kwa kiasi cha mita 4. Jambiani ina ufuko wa kina kifupi unaoenda mbali hadi kwenye mwamba, kwa hiyo maji ya bamvua yakitoka bahari huondoka kweli. Unaweza kutembea nusu saa kuelekea mashariki, maji yakiwa bado hayajapita magoti, huku mbele yako mawimbi yanapasuka kwenye mwamba kama mstari mweupe wa chaki. Ndipo watu huingia: wakulima wa mwani, wavuvi wa pweza, watoto wa kuokota chaza. Na saa ya maji hayo kupwa ni saa nne, saa nne na nusu za asubuhi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu. Hayo hupwa alfajiri na alasiri, mwanga ukiwa laini kama samli, lakini hayaendi mbali na kazi ya shambani huwa haba.

Na wapiga picha tumefundishwaje? Piga asubuhi mapema au jioni. Jua likipanda, funga mkoba. Jua la juu hukata vivuli vikali, huyafanya macho kuwa mashimo, hufifisha rangi. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na siku za mwanzo wa Machi, kisha tena mwezi wa Oktoba, jua la saa sita na kitu husimama wima juu ya utosi hata kivuli cha mtu kikaingia chini ya nyayo zake. Nani apige picha wakati kama huo?

Matokeo yake tunayaona kwenye kalenda, kwenye matangazo ya hoteli, kwenye kuta za ofisi. Pwani ya Jambiani haina watu. Mchanga, mnazi uliolala, ngalawa moja, buluu za aina saba. Mtazamaji aliye mbali hudhani amekiona kisiwa kisicho na wenyewe. Nami nilikuwa nimechangia picha zangu katika kosa hilo, mara tatu mfululizo, na nilikuwa nikizipenda.

Basi nikaingia baharini mwezi kumi na tano, saa nne kasorobo, nimefunga suruali magotini, nimevaa viatu vya mpira kwa ajili ya yule mnyama mweusi wa baharini mwenye miiba mirefu kama ya nungunungu. Kusi lilikuwa linavuma. Huwezi kutembea haraka; kuna sehemu za mchanga mgumu wenye mistari, sehemu za majani ya baharini yanayoteleza, na mifereji inayokuingiza hadi mapajani. Nilipofika kwenye shamba la kwanza nikainua kamera. Walikuwa wanawake watatu wameinama, na mmoja wao alikuwa yule bibi wa chini ya mkungu. Hakugeuka, wala hakuficha uso. Alisema tu, mikono yake ikiendelea na kazi: "Hodi hupigwa mlangoni. Mlango wetu ndio huo kigingi."

Nikaishusha kamera. Nikasimama penye kigingi cha mkoko, katikati ya bahari, kijiji kimebaki ukanda mwembamba wa minazi nyuma yangu, nikapiga hodi.

"Karibu," wakaitikia wote watatu.

Siku ile kwa muda wa saa nzima sikupiga picha hata moja, maana nilipewa kamba nishike. Kilimo chenyewe ukikitazama ufukweni ni vijiti tu. Ukishika kamba unaelewa. Kati ya kigingi na kigingi inavutwa kamba, na kwenye kamba, kila baada ya shubiri moja hivi, kinafungwa kishada cha mwani kinachojaa kiganja. Uzi wa kufungia huitwa taitai. Ukikaza mno, mwani hukatika. Ukilegeza, bamvua lijalo huuchukua. Vidole vya bibi vilikuwa vikifunga bila yeye kutazama, huku akinieleza habari za mjukuu wake wa skuli. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hubebwa kichwani au kwa ngalawa hadi nchi kavu, huanikwa, hutiwa kwenye magunia na kuuzwa ili kutoa ute unaoingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi vya watu ambao hawatauona kamwe ufuko huu.

Ulianza kulimwa kibiashara hapa, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na tangu mwanzo wakulima walio wengi ni wanawake. Walijenga nyumba kwa mwani. Walisomesha. Siku hizi aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imezidi joto. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Bibi alinionyesha ugonjwa wenyewe: tawi lililogeuka jeupe kama mshumaa, likakatika alipoligusa. Hakusema neno. Alilitupa, akafunga jingine.

Ni katika kumtazama akilitupa lile tawi ndipo nilipouona mwanga.

Jua lilikuwa juu, mgongoni mwake. Kwa kila kanuni niliyoijua, uso wake uliokuwa umeinama chini ya ushungi ulipaswa kuwa giza. Haukuwa. Ulikuwa unang'aa kutokea chini. Mchanga wa Jambiani ni weupe mtupu, matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari kwa karne nyingi, na maji yaliyousitiri yalikuwa hayafiki goti. Jua lilishuka, likagonga mchanga, likarudi juu kupitia maji, likamwangaza kidevu, mashavu, ndani ya viganja, chini ya nyusi. Na kwa kuwa upepo uliyatikisa maji, mwanga ule haukutulia. Ulikuwa ukicheza usoni mwake kama wavu mwembamba wa dhahabu unaovutwa polepole. Makunyanzi yake yote yalionekana, na hapakuwa na hata moja lililokatwa na kivuli. Studio gani inaweza kutengeneza taa ya namna ile? Upana wake kilomita kadhaa, na huwashwa mara mbili tu kwa mwezi.

"Bibi, naomba nipige sasa," nikasema.

"Si nimeshakukaribisha?" akajibu.

Picha za mwanzo zilitoka mbaya, na ubaya wake ulinifundisha. Kamera haijui kuwa mchanga ni mweupe. Imetengenezwa iuchukulie ulimwengu wote kuwa na mwanga wa wastani. Ikiona weupe umezidi hudhani mwanga ni mwingi, huupunguza, na nyuso zetu nyeusi huzama kuwa makaa. Inabidi uikatalie. Uongeze mwanga kwa mkono wako, hatua moja, pengine moja na nusu, uuache mchanga uungue kidogo ili uso upate haki yake. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi zake kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa za Shirley, na ngozi kama zetu zikalipia. Nikiongeza mwanga ile hatua moja, mimi huwa sioni kama nafanya jambo la kiufundi tu.

Kufikia saa sita maji yalikuwa yameshageuka. Kujaa kwake hakuji kwa mbele kama mtu anavyodhani. Maji huingia kwanza kwenye mifereji, nyuma yako, na wewe bado umesimama juu ya mchanga unaouona mkavu. Bibi aliniita kabla sijajua lolote. Tulirudi pamoja, mimi kikapu kichwani nimekishika kwa mikono miwili. Mwaka mwingine, nikiwa peke yangu na ubishi wangu, nilichelewa pale kwa dakika kumi zaidi ili nimpate kulastara aliyesimama kwa mguu mmoja. Nilivuka mfereji maji yakiwa kifuani, na lenzi moja iliingia chumvi ikafa. Kulastara nilimpata. Lakini hadi leo nikiitazama picha ile naisikia baridi ya yale maji.

Tangu siku ya kigingi nimekuwa nikilitafakari neno lenyewe, kupiga. Lugha yetu imelipa kazi nyingi, na Jambiani unaweza kuzihesabu zote kwa asubuhi moja. Wanawake wanapiga makumbi: maganda ya nazi yaliyofukiwa pwani kwa miezi hadi yakaoza hufukuliwa, hulazwa juu ya gogo na kupondwa kwa rungu mpaka zitoke nyuzi za usumba, kisha zisokotwe kamba. Kijana aliyetoka mwambani anampiga pweza kwenye jiwe ili alainike. Watoto wanapiga mbizi. Mgeni anapiga hodi, mzee msikitini anapiga magoti. Nami napiga picha. Mapigo mengine yote huacha kitu mkononi mwa mwenyewe: kamba, kitoweo, mlango uliofunguliwa, dua. Pigo langu mimi huondoka nalo, na aliyepigwa hubaki na mikono mitupu. Ndiyo sababu naona hodi si adabu ya ziada. Pale mtu anapokataa, na hukataa, hasa akina mama wakiwa hawajajitanda vizuri, nasema asante naketi. Nimeketi sana. Kuna asubuhi nzima nilizokaa na wapiga makumbi bila kuitoa kamera kikapuni, nikajua kwa masikio kwamba rungu lililoshika usumba mbivu hutoa sauti nzito, na lililokuta ganda bichi hulia kama mlango. Hayo hayapo kwenye picha yoyote, ila picha nilizokuja kuzipiga wiki iliyofuata, waliponiambia wenyewe "leo piga", zimepigwa na mtu aliyekwisha kuisikia kazi.

Wanyama nao wana hodi yao. Nikienda au nikirudi hushuka Jozani, msitu ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Kima punju wa huko, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kama za mzee aliyetoka usingizini, hawapatikani popote duniani nje ya visiwa vya Zanzibar. Wamewazoea watu, na hapo ndipo penye mtego: mtu hushuka kwenye gari, hupiga picha hamsini kwa dakika tano, huondoka. Mtembezaji aliyenichukua mara ya kwanza aliniomba nikae chini, nisiwasogelee, nisiwakodolee macho, nisubiri. Nikasubiri. Baada ya nusu saa waliacha kunihesabu. Mama mmoja alishuka kwenye kichaka, mtoto kamng'ang'ania tumboni, mkono wake wenye vidole vinne na gumba lililobaki kidutu tu ukivuta majani machanga ya mkungu, akichagua, akiacha, akichagua tena. Upande wa mashamba, penye mabaki ya tanuri, niliwaona wakiokota vipande vya mkaa na kuvitafuna kwa utulivu. Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana sumu kidogo, na mkaa huinyonya. Wanasayansi walichunguza, ila wao kima walitangulia kujua.

Picha niliyoiweka ni ya mkono tu. Mkono mweusi wa mama, mkaa mweusi, na mdomo wa mtoto ulionyooka kunusa.

Siku za maji mafu mimi huzipenda kwa namna nyingine. Alasiri maji hupwa kiasi cha kutosha kuacha uwanja, na vijana hushuka na mpira. Nguzo za goli ni vijiti vya mwani vilivyochakaa. Jua liko nyuma ya kijiji, minazi inarusha vivuli virefu hadi majini, na kila teke hurusha maji na mchanga unaong'aa. Watoto wa chuoni wanapita pembeni na juzuu zao kifuani, wanatembea polepole makusudi ili waone goli moja kabla ya kuingia. Kwenye baraza wazee wanacheza bao, na hapo nilijifunza kutopiga mchezo bali kupiga kimya kilicho kabla ya mtu kucheza kete: mkono umeshajaa, macho yanazunguka shimo kwa shimo, wote waliokaa wameinama pamoja naye.

Alfajiri za siku hizo ni za kaa. Kaa wadogo weupe wa mchangani, wenye macho yaliyosimama juu kama vijiti vya kiberiti, huchimba mashimo yao upya kila siku. Ukitembea huwaoni, unaona vitundu tu. Lala kifudifudi, kidevu mchangani, usipumue kwa nguvu. Dakika ya tatu, jicho moja. Dakika ya tano, kaa mzima na furushi la mchanga kwapani, analitupa, anasimama kutazama kama bado upo. Nililala hivyo asubuhi moja hadi mzee mmoja akaja akidhani nimezimia. Nilipomwonyesha tundu, naye akachuchumaa. Tulikaa wawili, hatusemi kitu, mpaka kaa akatoka, na mzee akacheka kwa furaha ya mtoto. Alikuwa amezaliwa pale, akaniambia, na hakupata kumtazama kaa akihamisha mchanga wake tangu alipokuwa na umri wa wajukuu zake.

Jambo moja dogo kwa atakayekwenda na kamera: usilale na kamera chumbani penye kiyoyozi. Ukitoka nayo alfajiri, hewa ya pwani yenye unyevu hukutana na kioo cha baridi, lenzi ikaingia ukungu, na mapambazuko yote yakapita ukiwa unafuta. Ifunge kwenye kanga na kuilaza barazani.

Nilipokuwa na picha za kutosha nilikwenda mjini nikazichapisha, nikarudi Jambiani na bahasha. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya bibi majini, uso unaong'aa kutokea chini. Niliichapisha kubwa. Aliishika kwa viganja vyote viwili, akaitazama muda mrefu, akawapa jirani, ikarudi. Akasema ni nzuri. Akasema mikono yake ameijua. Kisha akasema: "Hii ni kazi. Sasa nipige mimi."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kanga mpya doti nzima, vipuli vya dhahabu masikioni, wanja machoni. Akajiwekea kiti mbele ya mlango wake, akauweka mkono mmoja pajani, mwingine juu ya ule, akanyanyua kidevu, na hakucheka. Nilimfahamu mara moja. Mkao ule nimeuona katika picha za zamani za Mji Mkongwe, za Capital Art Studio, duka ambalo Ranchhod Oza alilifungua mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaliendeleza: watu waliojiandaa, waliokwenda wenyewe kwa mpiga picha, walioamua wenyewe wakumbukwe vipi. Hakuna aliyewavizia kazini. Miaka yote nilikuwa nikiziona picha za namna hiyo kuwa ngumu, za kukakamaa, na kuzipenda zaidi zile za kuotea mtu asijue. Mbele ya mlango ule nilibadili mawazo. Kumtazama mtu kama anavyotaka kutazamwa ni kazi ngumu kuliko kumvizia, maana huna pa kujificha, naye anakutazama.

Mwanga ulikuwa mbaya, saa tisa, nusu ya mlango jua na nusu kivuli. Nikamsogezea kiti hatua mbili, mjukuu akashika mkeka mweupe pembeni ili urudishe mwanga upande wa giza. "Kama mchanga," bibi akasema. Alikuwa ameelewa siku nyingi nilichokuwa nikikitafuta kule shambani. Nilipiga mara nne tu.

Safari iliyofuata nilimletea, ndani ya fremu. Aliitundika ukumbini, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo kila aingiaye ataiona kabla hajaketi. Ile ya majini, niliyoiona kuwa bora ya maisha yangu, iko chumbani, imeegeshwa nyuma ya mtungi wa udi. Anaipenda, aliniambia, huitoa akiwa na mwani mwingi na mgongo unamuuma, akajitazama. Lakini ukumbini ni pa wageni.

Nimekuwa nikienda tangu wakati huo, na safari nyingine kamera haitoki kikapuni hadi siku ya tatu. Mara ya mwisho niliondoka siku ya maji mafu. Konda alikuwa ameshapiga bodi ya gari, magunia ya mwani mkavu yamefungwa juu ya paa, chembe za chumvi zikitudondokea mabegani. Bibi alikuja hadi barabarani na pakacha la maembe ya njiani. Nikamuuliza nije lini tena. Akaangalia juu, ingawa mchana ule mwezi haukuwepo wa kuangaliwa, akahesabu kwa vidole.

"Mwezi kumi na tano ni Jumatano," akasema. "Yatapwa saa nne na robo. Njoo na viatu vyako, nimefungua shamba jingine kule karibu na mwamba, kotonii inashika. Wewe utashika kamba upande wa kusi."